Jinsi ya Kumrudisha Paka Porini Bila Kutoka Jikoni

Anza kwa kumbadilisha jina. Paka anayeitwa Pusi hawezi kula nyama mbichi kwa heshima. Mwite Simba, au Chui, au jina lolote lenye meno. Zile punje za chakula cha paka na vile vikopo vya dukani mpe jirani ambaye bado hajaelimika. Kisha jizoeze kutamka neno "asili" kwa sauti ya chini, kama mtu anayejua siri. Wageni wakija, waeleze kwamba tangu Simba aanze nyama mbichi manyoya yanang'aa na kinyesi hakinuki. Habari za kinyesi zitolewe kabla chai haijamiminwa.

Hoja yako kuu iwe hii: mababu wa Simba hawakuwa na jiko. Ni kweli tupu. Paka wa nyumbani ametokana na paka-pori wa Afrika, yule kimburu anayewinda nyikani mpaka leo, na hakuna aliyewahi kumkuta akipuliza moto. Ila ishie hapo hapo. Ukiendelea na hoja hiyo utafika kwa panya, na panya ataiharibu. Kimburu hali steki. Anamla panya mzima: mifupa, maini, moyo, ubongo, damu na kilichomo tumboni, dakika chache tu baada ya panya kukata roho. Panya huyo hakuning'inia buchani tangu alfajiri huku nzi wakimkagua, wala hakupita kwenye mashine iliyotoka kusaga ng'ombe wa watu wengine. Kwa hiyo Simba akikuletea panya mpaka mlangoni, yaani mlo mbichi pekee unaokaribia ukamilifu kuwahi kuingia nyumbani kwako, piga kelele, panda juu ya kiti, mwite mwenye ufagio. Kisha mrudishe kwenye chakula chake cha asili kutoka bucha la pale kona.

Buchani omba steki, nyama tupu isiyo na mfupa. Nyama ya namna hiyo ina fosforasi zaidi ya mara 10 ya kalsiamu, wakati mwili wa paka unataka viwili hivyo vikaribie kulingana. Kalsiamu ikikosekana kwenye sahani, mwili huichukua inakopatikana, yaani kwenye mifupa ya paka mwenyewe. Mtoto wa paka aliyelelewa kwa steki anaweza kuruka kutoka kwenye kochi akatua na mguu uliovunjika. Usibabaike, sema kwamba porini nako watoto huumia.

Mtu akikutajia vitamini A, mjibu kwa maini, maana karoti haitamfaa: paka hana uwezo wa kugeuza rangi ile ya karoti kuwa vitamini kama tunavyofanya sisi. Maini yana vitamini hiyo tele. Mpe kila siku, asubuhi na jioni, miezi nenda rudi, hadi ziada ianze kuota kama mfupa kwenye shingo na uti wa mgongo, pingili zigandane, na Simba ashindwe kugeuza kichwa kujilamba mgongo. Hapo utasema ametulia.

Kwenye mabishano utahitaji sayansi, na sayansi yako ni Francis Pottenger. Daktari huyu wa California aliwalisha paka mamia, kati ya 1932 na 1942, wengine kwa nyama mbichi na wengine kwa nyama iliyopikwa. Waliokula ya kupikwa walidhoofika kizazi baada ya kizazi. Taja hayo, kisha badilisha mazungumzo haraka, kabla hajatokea mtu wa kukuuliza habari za taurini. Paka hawezi kujitengenezea taurini ya kutosha. Akiikosa macho hufa nuru na moyo hutanuka ukaishiwa nguvu. Nayo taurini hupungua nyama ikichemshwa na mchuzi ukamwagwa, jambo ambalo wakati wa Pottenger hakuna aliyelijali. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka wenye moyo wa namna hiyo walikuwa na upungufu wa taurini, na kwamba wakiongezewa taurini, moyo unaweza kupona. Wengi wao walikuwa wamelishwa chakula cha viwandani. Viwanda viliaibika, vikaongeza taurini kwenye vyakula vyao. Sehemu ya aibu itaje mara tatu. Ile ya kuongeza haina haja.

Samaki wabichi je? Wapo wenye kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka akiikosa vitamini hiyo, shingo huinama, mwendo humyumba, kifafa kikafuata. Paka wa soko la samaki la Feri wanaishi kwa utumbo wa samaki na wanaonekana wazima, utasema. Hakika. Wale ambao si wazima hawaji kukaa mbele ya wauza samaki uwahesabu.

Sasa vijidudu. Msimamo wako rasmi ni kwamba tumbo la paka ni kali na utumbo wake ni mfupi, hivyo salmonela hupita tu bila kupiga hodi. Mara nyingi hupita kweli, Simba akiwa mzima wa afya, na kutokea kwenye kinyesi chake, kwenye manyoya aliyojilamba, na kwenye mto unaolalia wewe. Kuhusu mafua ya ndege usiseme kitu. Usitaje Sriracha, Thailand, ambako mwaka 2004 simbamarara wa bustani ya wanyama walilishwa mizoga mibichi ya kuku yenye virusi vya H5N1, wakafa au kuuawa 147 kati ya 441. Wale hawakuitwa Simba kwa kubembelezwa. Walikuwa na meno yote na tumbo kali kuliko lolote utakalolifuga. Usitaje pia Oregon, Desemba 2024, paka wa ndani asiyetoka nje aliyekufa baada ya kula chakula kibichi cha bata mzinga kilichogandishwa kiwandani. Virusi vya kwenye chakula na vya kwenye paka vilikutwa vinalingana.

"Lakini mimi nagandisha." Vizuri. Baridi kali ya siku kadhaa huua toksoplasma, kimelea kinachoweza kuwamo kwenye nyama. Salmonela hailali milele. Hupumzika tu, na umeme ukikatika mchana kutwa huamka na njaa. Nyama ikilainika, igandishe tena. Ndivyo wanavyofanya kimburu wote wenye friza.

Mpaka hapa sijasema nani atafanya kazi yenyewe. Atafanya dada wa kazi. Wewe kazi yako ni falsafa. Dada ndiye atakayekatakata, atakayeosha bakuli lenye damu iliyokauka, atakayezoa mchanga wa choo cha paka. Kibao cha kukatia kiwe kimoja: nyama ya Simba kwanza, kachumbari baadaye, maana kachumbari haipikwi na inapokea kila inachoachiwa. Kama dada ni mjamzito, usimwambie kwamba paka aliyepata toksoplasma kwa mara ya kwanza anaweza kutoa mayai yake kwenye kinyesi kwa wiki moja hadi tatu, wala kwamba mayai hayo huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo choo kikizolewa kila siku, na mtu mwingine, hatari kwake na kwa mtoto aliye tumboni hupungua sana. Akijua hayo atataka uzoe wewe.

Hatimaye utafika kwa daktari wa mifugo, Simba akiwa kwenye tenga. Ukiulizwa anakula nini, jibu "vya kawaida." Akikubana, atakupa ushauri wa kuudhi kwa wepesi wake: pika nyama kwa mapishi yaliyopimwa na mtaalamu wa lishe ya wanyama, pamoja na kalsiamu na taurini, au nunua chakula kilichoandikwa kuwa ni kamili kwa paka. Usikubali kirahisi. Muulize kwanza kama ana hisa kwenye kiwanda cha chakula cha paka. Akisema hana, lipa na uombe risiti.