Jinsi ya Kuchaguliwa Ukiwa Mkimbizi

Kwanza, uwe kijana mwenye mikono mikakamavu. Mjane mwenye kikohozi na watoto wanne asijichoshe kupanga foleni.

Kanuni hii si mpya hapa Mombasa. Baada ya Vita Kuu vya Pili vya Dunia, maelfu ya Wapolandi waliopelekwa Siberia na Stalin walikuwa wakiishi kambini Tengeru, karibu na Arusha, na Masindi na Koja kule Uganda. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Shirika la wakimbizi, IRO, liliwatafutia makao, lakini kila nchi ilikuja na haja zake. Uingereza ilitanguliza wenye jamaa aliyepigana katika jeshi la Polandi chini ya amri yake. Australia, iliyokuwa na uhaba wa vibarua, ilitaka wazima wa kufanya kazi miaka miwili popote watakapopangiwa. Mwaka 1950 meli General Langfitt iling'oa nanga Mombasa na Wapolandi zaidi ya 1,100, ikawashusha Fremantle, Australia, Februari mwaka huo huo. Nawafurahia. Lakini wagonjwa na wazee ndio waliokuwa na haja kubwa zaidi ya makao, nao ndio waliokuwa wa mwisho kuchaguliwa. Makaburi ya Wapolandi yapo Tengeru mpaka leo.

Pili, uwe na subira. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwachukua Wabantu wa Somalia wapatao 12,000. Walitolewa kambi ya Dadaab wakapelekwa kambi ya Kakuma, zote hapa Kenya, ili wahojiwe, na wa kwanza wakafika Marekani mwaka 2003. Mtoto aliyezaliwa siku ya ahadi alikuwa keshafika umri wa chekechea.

Tatu, na hili ndilo linalonichoma: ukikimbizwa ungali mchanga, usijifunze kusema kama wenyeji wako. Serikali ya Siad Barre huko Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni na Wabarawa wa pwani ya nchi hiyo walikuja Mombasa kwa vyombo vya bahari. Kambi ya Utange haikuwa mbali na hapa Mishomoroni. Kambi za pwani zilipofungwa, wakimbizi waliamriwa waende Dadaab na Kakuma. Baadhi yao walibaki mitaani, kwa watu wenye lugha na dini yao. Watoto wao walicheza na wetu, wakasoma chuoni pamoja.

Kijana kama huyo akifika Uingereza kuomba hifadhi, huulizwa majina ya visiwa alivyotoka akiwa mgongoni mwa mamake. Sauti yake huweza kurekodiwa, ikapimwa na wachunguzi wa lugha. Likiponyoka neno la Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, huweza kuambiwa yeye ni Mkenya. Hapa Kenya nako, akienda kuomba kitambulisho, huambiwa ni Msomali.

Kwa hiyo kariri, mwanangu, kabla ya mahojiano: Koyama, Chovai, Chula. Rudia. Mamako atakurekebisha, yeye anakumbuka hata nyumba iliyokuwa karibu na kisima.