Arosto Haijui Alhamisi

Kwa Jenabi Mkuu wa Gereza, ambaye jina lake nalihifadhi kwa adabu, kama yeye alivyolihifadhi jina la mpwa wangu ndani ya daftari siku arubaini na moja bila ya mtu kulifunua.

Ama baada ya salamu na taadhima, nakuarifu ya kuwa mimi ni mzima, na magoti yangu, yaliyonifikisha langoni pako mara nne, nayo hayajambo, ila yameizoea mno ile benchi ya nje yenye mguu mmoja mfupi. Sikuandikii kukulaumu. Nakuandikia kukushukuru kwa neno "hiari", ambalo nililisomesha darasani miaka thelathini na moja nikidhani nalifahamu, kumbe muda wote huo nilikuwa nikiwapoteza watoto wa watu.

Nilipokuja mara ya kwanza kueleza kwamba mpwa wangu huyu alikuwa amekwisha kunywa methadoni, dawa ya kuachia unga, miezi tisa, kila siku ya Mungu, sikukuu na zisizo sikukuu, na kwamba alikamatwa kwa uzururaji hali akitoka kuinywa dawa hiyo hiyo, askari wako, kijana mpole mwenye haya, aliniambia: "Programu ipo, mzee, lakini ni ya hiari." Nikamjibu kuwa hiari tunayo, tena tele, twaweza hata kuwagawia wenzetu. Mara ya pili akasema: "Ni ya hiari, mzee, si lazima." Hapo ndipo nilipozinduka nikafahamu kwamba katika lugha ya huko ndani hiari si ya mgonjwa katika kuitaka dawa, bali ni ya mwenye funguo katika kumpa au kumnyima, na kwamba mimi, kwa ukaidi wa ualimu, nilikuwa nikisoma sentensi kwa kumkosea mtenda.

Kwa kuwa sasa nimeelimika, nina maombi machache.

La kwanza, nalo ndilo nililolifikiri kwa kituo, lahusu kalenda. Programu hukutana Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, ilhali mpwa wangu alikosa busara akakamatwa Jumatatu ya pili. Basi naomba kwa unyenyekevu arosto yenyewe, yaani mateso ya mwili uliokoseshwa dawa, iandikiwe barua rasmi, nakala tatu, ipigwe ule muhuri wenu usiosomeka nusu yake, iamrishwe kutomkaribia mfungwa wala mahabusu yeyote kabla ya siku ya kikao. Siku hiyo ifike langoni saa mbili za asubuhi, ivue mkanda, iache simu, ipekuliwe, ioneshe barua ya mjumbe wa mtaa wake, kisha iketi juu ya benchi ile mpaka itakapoitwa. Ikija na kuharisha, kuharisha kungoje nje, maana mgonjwa mmoja huruhusiwa mgeni mmoja. Kutapika kushike zamu baada ya risala ya mgeni rasmi, wala kusithubutu kuingia katikati. Na miayo, kamasi, na lile jasho la baridi linalosimamisha malaika mwili mzima, vipange mstari kwa kimo, kifupi mbele. Maumivu ya mifupa, ambayo kwa tabia yake hupenda kubisha usiku wa manane, yajulishwe kwamba baada ya milango kufungwa na watu kuhesabiwa hakuna anayefunguliwa, awe ni mauti mwenyewe. Na lau mgeni rasmi atapata udhuru, kikao kikasogezwa hadi mwezi ujao, basi arosto nayo isogezwe, ipewe kikaratasi cha tarehe mpya, irudi kwao bila ya kunung'unika, kama tunavyorudi sisi. Ikitii haya yote, sioni kwa nini isisamehewe theluthi moja ya muda wake kwa mwenendo mwema.

Najua utaniambia kuwa arosto haisomi barua. Ni kweli, haisomi. Ya unga humvaa mtu kabla ya siku kupinduka, ikamtesa takriban juma moja. Ya methadoni huja kwa kituo zaidi, lakini hukaa majuma kadhaa kama mgeni aliyekuja na godoro lake. Mpwa wangu ilimshika usiku wa pili. Alijinyea, bwana. Mwanamume wa miaka ishirini na sita alijinyea mbele ya wanaume wenzake, miguu ikipiga sakafu yenyewe, na nyapara akampangia zamu ya kuosha choo kwa kuwa amekwisha kuwa na harufu yake. Na dawa ya kuizuia fedheha hiyo ni sharubati ya kikombe kimoja kidogo, inayomezwa mbele ya muuguzi, iliyoanza kutolewa Muhimbili tangu Februari 2011, mwendo wa daladala mbili kutoka meza yako! Msingeweza hata kumpeleka? Mlimpeleka mahakamani mara tatu, kesi ikaahirishwa mara tatu, na gari lilipatikana mara tatu.

Astaghafiru. Kalamu imeteleza, narudi kwenye adabu.

Ombi la pili: ile kalamu ya kutilia sahihi fomu ya ridhaa ifungwe uzi mrefu zaidi, kwa wale ambao mikono inatetema. La tatu: soda za kikao zisifunguliwe mbele ya waliokosa nafasi. La nne lahusu lile bango la kitambaa lililoandikwa "Kupona ni Hiari Yako", ambalo hukunjwa na kuondoka pamoja na wageni mara tu picha zinapokwisha. Naomba liachwe ndani hata usiku mmoja, kwa kuwa ni pana, ni zito, na lingetosha kuwafunika watu watatu.

Ziko Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Desemba 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, mtu aliyekaa kifungoni miaka 27 na kwa hiyo hakuhitaji kuhadithiwa. Kanuni ya 24 yataka mfungwa atibiwe kwa kiwango kile kile cha walio nje, na matibabu yasikatizwe na lango, pamoja na ya uraibu. Siitaji kwa kukutisha. Naitaji kwa kuwa humo neno hiari sikuliona likitumika kama kufuli.

Mpwa wangu, nikuarifu, amehitimu. Alihudhuria kikao kimoja, arosto imekwisha kumla ikabakisha mifupa, akatia sahihi kwamba amekuja kwa ridhaa yake, akapewa cheti. Kesi ilipofutwa alitoka na cheti hicho siku ya Ijumaa, na kliniki, kwa insafu ya kitabibu ambayo siwezi kuilaumu, ikamwanzisha upya kwa kipimo kidogo kama mtu ambaye hajapata kuionja dawa, maana mwili uliokatishwa hauwezi kubeba ulichokuwa ukibeba. Jambo hilo hilo wauza kete hawalipimi. Watafiti waliowafuatilia watu zaidi ya 30,000 waliotoka magereza ya jimbo la Washington, huko Marekani, walichapisha mwaka 2007 kwamba katika majuma mawili ya mwanzo hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine. Majuma hayo mawili mimi nililala sebuleni, mlangoni, juu ya mkeka, nikisikiliza pumzi zake. Hakuna aliyeniuliza kama ilikuwa kwa hiari.

Lililobaki ni dogo. Safari yangu ya tatu niliacha langoni shuka la kijani lenye mistari, limeshonwa pembeni kwa uzi mweusi, nikaandikiwa katika daftari na kuambiwa litamfikia. Halikumfikia. Silidai. Ila kama bado liko juu ya lile kabati nyuma ya mlango wa mapokezi, yuko mtu amelala sakafuni leo, na Alhamisi ya kwanza bado siku kumi na mbili.

Wasalaam,
Mjomba wa Mhitimu