Joto la Chumba Gani?

Shangazi yangu wa Muheza hana daftari la mapishi. Hufundisha kwa simu, huku redio yake nayo ikifundisha mambo mengine. Nilipomwomba siri ya keki yake ya machungwa, alinitajia kama anayehesabu chenji: siagi robo kilo, sukari robo, unga robo, mayai manne, beking pauda vijiko viwili vya chai, maganda na maji ya machungwa mawili.

"Siagi usiisogeze motoni, mwanangu. Iache mezani tu, italainika yenyewe kwa joto la chumba."

Nikamshukuru, nikakata simu. Laiti ningemuuliza: chumba gani?

Maana mimi naishi Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ulikuwa mwezi wa saba. Usiku wa mwezi huo joto hushuka chini ya nyuzi 10. Watu hulala na soksi, na anayeoga asubuhi huhadithia ofisini mpaka saa nne. Muheza ukiacha siagi mezani, kabla hujamaliza kuchagua mchele utaikuta imegeuka mchuzi. Yangu niliiacha mezani Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi nikaichoma kwa kijiko. Kijiko kikapinda.

Siku yenyewe haikuwa ya kufanyia majaribio. Mama mkwe alikuwa anakuja kutuona kwa mara ya kwanza tangu harusi, na mke wangu alikwisha kumtangazia kwamba mkwe wake anajua kupika.

Machungwa yalikuwa yamefika kwa basi, kiroba kizima, yote ya kijani. Mke wangu akayatazama kwa huruma. "Shangazi yako kachuma mabichi." Nikamweleza kwamba chungwa la kule huiva tamu likiwa na ganda la kijani, kwa kuwa ni baridi ya usiku inayoliondolea ganda ukijani wake, na Muheza baridi hiyo haifiki. Akasema basi afadhali wangelituma ganda lije Njombe, ndani wabaki nako.

Nikarudi kwenye siagi. Niliiweka kando ya jiko la mkaa. Upande mmoja ukayeyuka, wa pili ukabaki tofali. Nikaipiga na sukari hivyo hivyo, mpaka mkono ukafa ganzi. Siagi ikipigwa vizuri hubeba hewa, na hewa hiyo ndiyo huifanya keki iwe nyepesi. Yangu haikubeba chochote. Nilipotia yai la kwanza, baridi kama jiwe la mtoni, mchanganyiko wote ukakatika kama maziwa yaliyolala nje ya friji.

Hapo ndipo akili ikanijia: mayai nayo yanataka joto. Na joto la uhakika katika nyumba ile lilikuwa ndani ya koti langu. Matatu yaliyobaki nikayatia mfukoni, mawili kulia, moja kushoto, nikaanza kutembea polepole kama kuku anayetafuta pa kuatamia.

Mlango ukabishwa hodi. Mama mkwe, saa nzima kabla ya wakati.

Mkwe hasalimiwi kwa kupungiwa mkono. Nilishuka chini kwa adabu zote nilizofundishwa, na nilipofika chini nikasikia sauti ndogo upande wa kulia. Halafu kitu cha uvuguvugu kikaanza kuteremka pajani. Mama mkwe alikiona. Lakini ukwe una heshima zake: akainua macho, akaisifu dari yetu.

Nikabadilisha suruali, jirani akaniazima mayai mawili, nikaendelea. Nikapasha mchanga ndani ya sufuria kubwa, nikaweka kibati cha keki juu yake, nikafunika, nikapanga makaa juu ya mfuniko. Mlango nikauacha wazi, kwa sababu moshi wa mkaa usioonekana huua watu waliojifungia kwa kuogopa baridi. Baridi ikaingia, ikakaa na sisi kama mgeni wa pili.

Baada ya dakika ishirini nikachungulia. Keki ilikuwa imepanda mpaka ukingoni! Nikamwita mke wangu. Baada ya dakika tano nikachungulia tena, ili mama mkwe naye aone. Mbele ya macho yetu sote watatu ikazama katikati, taratibu, ikabaki bakuli.

Kuchungulia kulichangia, lakini kosa kubwa lilikuwa ni vile vijiko viwili. Huku juu hewa ni nyepesi, haikandamizi kama ya pwani, kwa hiyo gesi ya beking pauda hutanuka kupita kiasi. Keki hukimbia juu kabla haijapata nguvu ya kusimama, kisha huanguka. Ndiyo hewa ileile inayofanya maji yetu yachemke kwenye nyuzi 93 hivi, na maharage yetu yakeshe motoni.

Tulikula. Harufu ya machungwa ilikuwa ya Muheza kabisa. Mama mkwe akamega kipande, akakifinyanga kidogo kwa vidole, akala, kisha akauliza kwa upole mboga inakuja saa ngapi.

Nimepika nyingine nne tangu siku hiyo. Bakuli la siagi nalikalisha ndani ya maji ya uvuguvugu, mayai nayo hukaa humo dakika kumi, na beking pauda natia kijiko kimoja na nusu. Hazizami tena. Kwa hiyo msomaji wa nyanda za juu, mapishi ya pwani yapokee kwa shukrani, lakini yavishe sweta kwanza. Na mayai usiyatie mfukoni kabla wageni hawajakwisha kusalimiwa.