Bahari Haipo

Dodoma, mtu wa wizarani haombi likizo kabla ya bajeti kupita. Bunge likishakaa Aprili, mume wangu hurudi nyumbani tumelala na kuondoka hatujaamka. Mwaka huu mambo yalifika mahali mtoto wetu, mwenye miaka miwili na nusu, alimkuta sebuleni asubuhi moja ya Juni akamwamkia: "Shikamoo anko." Kwa hiyo Julai ilipoingia na mwaka mpya wa fedha kuanza salama, nilitoa tangazo mezani. Tunakwenda baharini, sisi watatu, na simu ya ofisi inabaki kabatini.

Tukawa wanne. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Mpwapwa kutibiwa macho, na macho yakapona, naye akabaki. Aliposikia habari ya bahari hakusema neno. Kesho yake tukalikuta begi lake limekaa mlangoni, limefungwa kwa kamba, na juu yake poti ya mtoto. "Mume wangu hawezi kusafiri peke yake," alisema, akimaanisha Bwana Mdogo, mjukuu wake, ambaye kwa utani wa bibi na wajukuu ndiye mume halali wa nyumba hii. Mwanawe wa kumzaa ni mtu tu anayelipa umeme.

Mume wangu ndiye aliyepanga safari, na alipanga kwa jedwali. Treni ya SGR hadi Dar es Salaam, boti ya jioni hadi Unguja, gari hadi Jambiani, pwani ya mashariki. Jedwali lilikuwa na safu ya vyakula, safu ya dawa, safu ya "dharura". Alinunua boya la kupuliza lenye umbo la bata, akanunua na miwani ya kuogelea, ingawa katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuogelea. Mpwapwa maji yakifika magotini watu huhama. Bibi yeye alibeba unga wa uji, karanga, mlenda mkavu na mbeleko mbili. Mpaka mwisho wa safari vitu vya Bibi vyote vilikuwa vimetumika. Miwani ingali kwenye pakiti yake.

Treni haikutupa shida, ila Bibi aliinunia. Yeye alizoea reli ya zamani, ile ya kununua muwa na mahindi dirishani kila stesheni, na hii mpya madirisha yake hayafunguki. "Tumefungiwa," alinong'ona tulipopita Kilosa kwa kasi, "na hatujui tumekosa nini." Bwana Mdogo alikimbia kwenye ujia wa behewa njia nzima, kisha akalala dakika chache kabla ya kushuka, kama ilivyo sheria ya watoto.

Boti ndiyo ilikuwa kazi. Watu wa bara hatuzingatii pepo. Kwetu upepo ni vumbi tu. Lakini Julai ni katikati ya kusi, na mkondo kati ya Dar na Unguja una desturi ya kuwakumbusha abiria walichokula. Wahudumu walipita wakigawa mifuko kwa utulivu wa watu waliokwisha kuona mengi. Bwana Mdogo hakutumia mfuko. Alitumia shati la baba yake, lile jeupe la kupigia picha. Bibi, ambaye hajawahi kupanda hata mtumbwi, alikaa wima saa zote mbili akitafuna karanga na kutazama dirishani, na tuliposhuka gatini akauliza kama kurudi tutapanda hiyohiyo, maana kiti chake kilikuwa kizuri.

Jambiani tulifika usiku. Gizani hukuona kitu, ila mngurumo ulisikika, mbali kidogo, bila kukatika. Mume wangu alisimama barazani, shati la kuazima mwilini, akavuta pumzi ndefu. "Mnasikia? Bahari hiyo. Kesho."

Kesho ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, baada ya uji, pampasi, kubadilisha pampasi, mafuta ya jua, kilio cha mafuta ya jua, kofia, kofia kutupwa, kofia kutafutwa. Bata alipulizwa mpaka baba mtu akaona nyota. Tukatoka kwa msafara, tukapita minazi, tukasimama.

Bahari haikuwepo.

Palikuwa na mchanga, halafu matope meupe, halafu majani, vidimbwi, ngalawa zimelala ubavu, na mbali sana, mwendo wa kilomita nzima au zaidi, mstari mweupe wa povu kwenye mwamba. Ule ndio mngurumo wa usiku. Mume wangu alitoa simu akaangalia picha ya nyumba ya wageni, ile ya maji ya bluu yanayogusa ngazi, kisha akaangalia ngazi. Bwana Mdogo akamwangalia baba yake. Bibi ndiye aliyevunja kimya.

"Baba, hii bahari mmeshailipia?"

Mzee aliyekuwa akifagia uwanja alitueleza kwa huruma ambayo watu wa pwani huitunza kwa ajili ya watu wa bara. Maji hupwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku hukawia kwa dakika hamsini hivi kuliko jana. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, tofauti ya takribani mita nne. Pwani ya mashariki ni tambarare, kwa hiyo mita nne za kushuka huondoa bahari yote mpaka mwambani. Na siku za bamvua, Unguja, maji hupwa saa nne asubuhi na kujaa saa kumi jioni. Sisi tulikuwa tumefika mwezi ndio kwanza umeandama. Kwenye jedwali la mume wangu hapakuwa na safu ya mwezi.

"Saa kumi si mbali," alisema.

Lakini Bwana Mdogo naye ana ratiba yake, na hiyo haijawahi kubadilishwa na mtu. Hulala saa tisa, huamka saa kumi na moja. Ukimwacha alale, anaamka mpole. Ukimwamsha, majirani hufungua madirisha.

Hapo ikaanza vita ambayo mimi niliitazama nikiwa kwenye kitanda cha kamba, maana sharti langu lilikuwa kuja baharini na nilikuwa nimeshakuja. Mume wangu alitumia mbinu zote za kiutawala. Alijaribu kumlaza mapema, saa sita mchana. Mtoto alilala chali akaangalia dari kwa saa nzima akiimba wimbo wa basi la jirani. Alijaribu kumchelewesha kulala. Mtoto akalala wima, amesimama, ugali mkononi, saa tisa kamili. Mwishowe alimwamsha saa kumi, akambeba hadi ukingoni. Na kweli, maji yalikuwa yamekuja, ya bluu, yanagusa ngazi, sawa na picha.

Bwana Mdogo alifumbua macho akaona kitu kikubwa kinachotembea kinamjia. Wimbi dogo likamgusa vidole. Alinyoosha mkono, akaiamuru Bahari ya Hindi kwa sauti yote aliyojaliwa: "Nenda kwenu!"

Wala haikwenda, kwa hiyo tulikwenda sisi. Bibi aliazima beseni la kufulia, akalijaza maji ya bomba, akaliweka chini ya mnazi, akamtia mumewe ndani. Mtoto akanyamaza. Akacheka. Akacheza humo mpaka magharibi. Tumetoka Dodoma, kilomita zaidi ya mia nne za reli, tukavuka mkondo kwa kutapika, mtoto aogee kwenye beseni. Na Dodoma tunayo mabeseni manne. Mume wangu alikaa ngazini na bata wake, miguu majini, peke yake.

Bibi naye alikuwa na mambo mengine. Asubuhi maji yakipwa, aliona wanawake wakishuka kutoka kijijini, nguo zimekunjwa, magunia kichwani, wakitembea kuelekea kule bahari ilikojificha. Mkulima akiona mkulima hahitaji kutambulishwa. Siku ya kwanza aliwatazama. Kesho yake alivua viatu akawafuata.

Yalikuwa mashamba ya mwani. Vijiti vimechomekwa mchangani kwa mistari, kamba zimefungwa toka kijiti hadi kijiti, na kwenye kamba vimefungwa vichipukizi vya mwani, kimoja kimoja. Kilimo hiki cha biashara kilianza hapa Jambiani na Paje mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na wakulima walio wengi mpaka leo ni wanawake. Mwani hukaa majini kama wiki sita, huvunwa, huanikwa, huuzwa nje, na huishia kwenye dawa ya meno na aiskrimu za watu ambao hawajui walichokula. Bibi alirudi na habari hizi zote kabla mimi sijamaliza chai. Alijua bei ya kilo, ambayo ilimuudhi. Alijua aina ya mwani yenye bei nzuri haipendi maji ya siku hizi, yamezidi joto, inataka kulimwa kwenye kina kirefu, na wengi wa wanawake wale hawajui kuogelea. Na alijua kwamba shamba lile hufikika bamvuani tu, ndiyo maana wale wanawake tarehe ya mwezi wanayo kichwani. "Ungewauliza wao kabla ya kukata tiketi," alimwambia mwanawe, akimpa karanga.

Nadhani karanga zile ndizo zilizomkasirisha. Kesho yake alitangaza kwamba kama bahari haiji kwa mtoto, mtoto atapelekwa kwa bahari. Maji yakiwa yamepwa, alimweka Bwana Mdogo mabegani, bata kiunoni, mfuko wa pampasi shingoni, simu mkononi, akaenda kwa miguu kuufuata ule mstari mweupe. Mtoto alifurahi. Aliona kaa, aliona nyota za baharini, aliona tundu lenye kitu ndani, akataka kila tundu lielezwe. Kwa mtoto wa umri ule, kilomita moja ya matundu ni safari ya mchana kutwa.

Niwape wasomaji wa bara jambo ambalo hakuna aliyetuambia mapema. Maji ya kule yakianza kujaa hayaji kwa mbele, kwa mstari, ukayaona. Yanapitia kwanza kwenye mikondo ya chini, nyuma yako, kati yako na nchi kavu. Wewe umesimama kwenye tuta la mchanga, umekauka, unapiga picha, na mlango umeshafungwa.

Nilichosikia mimi ni makelele. Wanawake wa mwani walikuwa wanarudi, magunia yamejaa, na wote wamegeuka kutazama baharini. "Wee baba wee! Maji hayo yaja! Rudi na mtoto!" Mume wangu akapunga mkono, akidhani ni salamu. Bibi, maji magotini, alivua kitambaa cha kichwa akakipeperusha, na akaita jina la mwanawe la utotoni, lile ambalo nimekatazwa hata kulijua. Hapo akageuka. Akaona. Akaanza kukimbia majini, jambo ambalo haliwezekani, na hatua ya tatu akakanyaga wale wanyama weusi wenye miiba.

Mama mmoja wa makamo, mwembamba, alishusha gunia lake, akamkabidhi Bibi, akaingia. Hakukimbia. Alipita njia anayoijua, akikata kushoto na kulia, maji yakamfika kiunoni na yakaishia hapo. Akamtwaa mtoto, akamfunga mgongoni kwa kanga iliyoloa, kisha akamshika mume wangu mkono kama mtoto wa pili, akawaleta. Mfuko wa pampasi ulivimba ukawa mkubwa kuliko mto. Bata alikuwa ameshachukuliwa na kusi, anaelekea Paje, amekaa vizuri.

Bwana Mdogo alikuwa anacheka. Alicheka njia nzima, na alipofunguliwa mgongoni alisema neno moja tu: "Tena."

Miiba ilitolewa barazani, kwa utomvu wa papai bichi na maoni ya kijiji kizima. Bibi hakumgombeza mwanawe. Aliketi karibu na kichwa chake, akawa anawasimulia wageni tangu alipozaliwa, na hilo, nilivyomwona usoni, lilimuuma kuliko miiba. Yule mama alikataa pesa. Alikubali unga wa uji na mlenda, akamfundisha Bibi namna ya kuanika mwani usiingie mchanga.

Kuanzia siku ile mtoto hakutaka tena beseni. Alitaka bahari, na aligundua jambo ambalo sisi tulikuwa hatujalihesabu: maji yakijaa jioni, yanajaa na alfajiri pia. Saa kumi na moja alfajiri, mawimbi yakigonga ngazi, alikuwa anaketi kitandani na kumpiga baba yake kifuani. "Anko. Amka. Imekuja." Na baba mtu, mguu umefungwa kitambaa, alikuwa anaamka kila mara, akachechemea naye hadi majini kabla ya jua, wakati mimi na mama mkwe tumejifunika hadi puani. Nilimsikia siku moja akimweleza habari za mwezi, polepole, kwa sauti aliyokuwa akiitumia zamani kunieleza mimi mambo.

Kwenye treni ya kurudi Bibi alipakata gunia dogo la mwani mkavu, zawadi. Harufu yake ilikuwa imetangulia behewa lote kufikia Pugu. Bwana mmoja mwenye tai alisogeza pua pembeni kwa adabu, akamwamkia, akauliza kama wameifurahia bahari.

"Marahaba, baba," Bibi alisema. "Ilipokuwepo tulikuwa tumelala, na tulipoamka ilikuwa imetoka. Lakini majirani zake ni watu wazuri sana." Akafungua gunia amwonjeshe.