Hongo ya Geti

Makadirio ya gharama ni orodha ya vifaa na kazi inayoandikwa kabla ya kitu kutengenezwa, ili mwenye nyumba ajue kiasi atakachotoa. Na kwa kuwa mwandishi wa orodha hiyo ndiye huyo huyo atakayelipwa, ni aina ya utunzi inayostahili kusomwa kwa makini kuliko mashairi mengi. Mazungumzo yanayofuata yalihusu utunzi mmoja wa namna hiyo, na wazungumzaji wake walikuwa watatu. Wa kwanza ni Mlango wa mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Unguja, katika tembe la Kwihara nje kidogo ya mji wa Tabora, tembe likiwa ni nyumba ya udongo yenye paa bapa na ua katikati, ambamo wasafiri David Livingstone na Henry Morton Stanley walikaa pamoja mwanzoni mwa 1872. Wa pili ni Geti la chuma lenye mabawa mawili, aliyekuwa akipelekwa na fundi wake kwa mwenye nyumba kwa guta, yaani pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi ya mizigo, hadi gurudumu la nyuma lilipotoboka mbele ya tembe na mzigo ukateremshwa na kuegemezwa mwembeni. Wa tatu ni Karatasi ya makadirio, iliyofungwa kwa waya kwenye komeo la Geti. Wote watatu walijitaja kwa majina yao wenyewe, kama ilivyo desturi ya waheshimiwa.

"Shikamoo, babu," alianza Geti, ambaye rangi yake ya kuzuia kutu ilikuwa haijakauka sawasawa.

"Marahaba, mjukuu. Mapana hayo yote ni ya kupitisha msafara gani?"

"Ni ya kupitisha gari la mwenye nyumba."

"Gari lenyewe li wapi?"

"Kwa sasa kuna baiskeli," alikiri Geti, "lakini gari linatarajiwa."

Mlango alipouliza habari za ukuta, alielezwa kwamba ukuta nao unatarajiwa, na kwamba kwa sasa kiwanja kimezungukwa na minyaa, mmea wa utomvu mweupe unaopandwa kuwa uzio, ambao mianya yake yote inafahamika kwa mbuzi wa jirani. Geti limetangulia kwa sababu ndilo linaloonekana barabarani. Mlango hakucheka, wala hakuwa na haki ya kucheka, kwa maana milango ya nakshi ya pwani nayo ilichongwa ili mpita njia aukadirie utajiri wa mwenyeji kabla ya kubisha hodi.

Hapo Karatasi alijisafisha koo na kusoma: geti la mita 4, mabamba ya chuma manne ya geji 16, pipe za mraba tano, bawaba, komeo, kitasa, rangi, ufundi, usafiri, mengineyo.

"Mlango huu umezoea kupima kwa nguo," alisema Mlango. "Doti ni nguo ya mikono minane, sawa na futi 12, na ndiyo iliyokuwa fedha ya njia hii kabla ya noti. Ukimtazama Geti pale mwembeni, upana wake ni doti moja kamili."

"Doti moja ni mita 3.66," alisema Karatasi, "na fundi, kwa heshima ya mteja, ameikamilisha iwe mita 4."

"Heshima hiyo ina gharama gani?"

Karatasi hakujibu, ikabidi Mlango aieleze hesabu yenyewe, ambayo ni nyepesi mno kwa jambo linalowaumiza watu wengi hivyo. Bamba la kawaida la dukani lina futi 4 kwa futi 8, yaani mita 1.22 kwa 2.44, kwa hiyo mabamba matatu yakisimamishwa bega kwa bega hutoa futi 12 bila kipande kubaki. Lakini geti likiandikwa mita 4, sentimita 34 za ziada haziwezi kupatikana ila kwa kununua bamba la nne na kulikata utepe. Kwa upande wa pipe Karatasi alikuwa mkweli, na Mlango alimpa haki yake: kila bawa la futi 6 kwa futi 8 lina fremu, mkanda wa katikati na mshazari, yaani pipe inayokatiza kona kwa kona ili bawa lisilegee na kuburuza chini, na mshazari huo hutoka futi 10 kamili, kipimo ambacho mafundi hukitumia pia kuhakikisha kwamba kona ni pembe mraba. Jumla yake ni karibu mita 27, nazo hukatwa bila tabu katika pipe tano za mita 6.

"Na bamba la nne?" aliuliza Mlango.

"Geti hajawahi kukutana nalo," alisema Geti kwa sauti ndogo.

"Na hizo geji 16?"

Geji ni namba ya unene wa bamba, nayo huenda kinyume na akili ya mnunuzi, kwa kuwa namba ikipanda unene hupungua: geji 16 ni kama milimita 1.5, ilhali geji 18 ni kama milimita 1.2, na rangi ikishapakwa jicho haliwezi kuzitenganisha. Mizani huweza. Bamba zima la geji 16 lina uzito wa karibu kilo 35, mzigo wa mpagazi mmoja mwenye nguvu, na la geji 18 halizidi sana kilo 28. Mlango alishangaa kwamba katika mkoa ambako robota la tumbaku haliuzwi bila kupimwa, chuma hununuliwa kwa kuaminiana.

"Wanyamwezi walioibeba njia hii mabegani hawakupokea mzigo bila kuuinua kwanza," alisema.

"Babu anazungumza kama shahidi," alisema Geti, ambaye alikuwa ameanza kuona aibu na aibu ikamfanya mkali, "ilhali inasemekana tembe hili lilijengwa upya katika karne ya 20. Je, babu mwenyewe alimwona huyo Livingstone?"

"Mlango ana umri wa kuwatosha wageni waliolipa kiingilio," alijibu Mlango, na akahamia upesi kwenye mengineyo, akianzia na hongo ya zamani.

Katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Tabora na Ujiji, hongo ilikuwa ushuru wa kupita ambao kila mtemi aliutoza katika nchi yake, ukilipwa kwa shanga, kwa kaniki, au kwa merikani, ile nguo ya pamba iliyopewa jina la nchi ilikofumwa. Wasafiri waliilaani, ya Ugogo hasa. Hata hivyo ilidaiwa mchana, mbele ya watu, ikabishaniwa na kuhesabiwa doti kwa doti, na aliyekwisha kuilipa alichota maji akaenda zake. Siku hizi neno hilo lina maana ya rushwa, hakuna anayethubutu kuliandika, na doti zenyewe zimehamia mstari wa mwisho wa makadirio.

"Karatasi hapokei hongo!" alifoka Karatasi. "Mengineyo ni istilahi ya kihasibu."

"Ndani yake mna nini?"

"Mna chai ya aliyemleta mteja kwa fundi," Geti alijibu kwa niaba yake, "na vocha ya simu ambazo fundi aliwapigia wateja wengine, na soda za wiki tano ambazo Geti alisimama karakana baada ya kuahidiwa siku tatu."

"Livingstone alikaa hapa tangu Stanley alipoondoka 14 Machi 1872 hadi 25 Agosti, akingojea wapagazi kutoka pwani," alisema Mlango, "lakini angalau hakuna aliyempigia simu kila asubuhi kumwambia kwamba wako njiani."

Pancha ilikuwa imeshazibwa. Fundi na dereva walimpandisha Geti kwenye guta, naye, pipe na mabamba pamoja, akiwa na kilo zipatazo 150, mzigo wa wapagazi watano, na dereva akasema kwamba uzito huo haukutajwa wakati wa kupatana. Fundi alimvuta Karatasi kutoka kwenye waya, akamtandaza juu ya tangi la mafuta, akatafuta pa kuandika. Mstari wa mengineyo ulikuwa umeshajaa, kwa hiyo akapiga mstari mpya chini yake na kuandika, kwa mwandiko mzuri: Mengineyo ya pili.