Shaha, Bila Sukari

Treni ya Green Line ilinishusha kituo cha West Bank siku ambayo baridi ya Minneapolis ilikuwa nyuzi 25 chini ya sufuri, nami nina uhakika wa kushinda. Utaniuliza baridi na ushindi vinahusiana vipi. Ngoja kidogo.

Wiki moja nyuma nilikuwa nimejitapa mbele ya watu wazima: mtoto wa Unguja aliyekulia barazani akicheza bao, sataranji itamtisha nini? Hesabu yangu ilikuwa fupi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Ubao wa sataranji una vyumba 64. Hao si ndugu? Halafu Wesley So, bingwa wa Marekani wa mwaka 2017, 2020 na 2021, aliwahi kuishi Minnetonka, hapo nje ya mji tu. Jirani ya waridi, nikajiambia, hukosi kunukia.

Mpinzani wangu ni mzee wa Barawa, kule Somalia, Kiswahili chake Chimwini kitupu. Sote tunamwita Maalim. Nilimkuta mgahawani, chini ya majumba marefu ya Riverside Plaza, ameshapanga ubao na ananisubiri.

Sasa, mvaa miwani akitoka kwenye baridi ile na kuingia kwenye mvuke wa birika za Wasomali, haoni hata pua yake. Nilifuta miwani kwa skafu, ukungu ukarudi. Nikafuta kwa shati, ukarudi na wenzake. Kusema "tungoje kidogo" nikaona haya. Nilianza kucheza kwa kukisia: kifupi ni askari, chenye masikio ni farasi, kirefu ama mfalme ama chupa ya pilipili.

"Shaha," akasema Maalim taratibu.

"Ahsante, Maalim. Yangu bila sukari."

Kimya. Halafu mgahawa mzima ukaangua kicheko. Kwa Kisomali, chai ni *shaah*, na mimi nilidhani mzee ananikirimu. Kumbe sataranji alijifunza Odessa, enzi za uanafunzi wake, kabla Somalia haijawatimua Warusi mwaka 1977, na Mrusi akimtishia mfalme wako hukutamkia "shakh". Neno lenyewe asili yake ni Kiajemi, shah, yaani mfalme. Mfalme wangu alikuwa anakufa, mimi naagiza kinywaji. (Chai ililetwa kweli. Ina sukari.)

Nikataka kumkinga kwa farasi. Vidole vilikuwa bado vimekufa ganzi, vikampitia malkia kwanza.

"Umemgusa, mwanangu. Ukigusa, umecheza."

Laiti lingekuwa bao! Kwenye bao ningebisha, watazamaji wangeingilia, mmoja angeapa kwamba aliona na mwingine angeapa kwamba yule haoni tangu ujana wake, na saa nzima ingepita kabla hatujakubaliana. Nusu ya ushindi wangu wote barazani niliupata kwa mdomo. Sataranji haina huruma hiyo. Watu wananyamaza, wanakuangalia mkono. Malkia wangu alikuwa na njia moja tu ya halali: kwenda kusimama mbele ya mfalme, miguuni mwa farasi wa Maalim. Akaenda. Akaliwa.

"Ni miwani hii," nikasema.

"Basi ngoja ikauke."

Tukangoja. Mchezo wa pili miwani ilikuwa safi, vidole vimepata moto wa glasi ya chai, visingizio vyote vimeniishia. Nilifungwa kwa hatua nne, kwa mtego ule ule wanaofundishwa watoto wiki ya kwanza. Safari hii nilijionea kila kitu.

Nikaapa kumhamishia uwanja wangu. Mpwa wangu alipokuwa anakuja kutoka Zanzibar nilimwagiza bao, akalibeba kwenye sanduku na komwe zake 64. Uwanja wa ndege bao likapita. Komwe hazikupita: komwe ni mbegu, na mbegu haiingii Marekani bila cheti cha afya ya mimea. Cheti mimi sikukiwaza, nilikuwa nawaza kisasi.

Kwa hiyo bao lipo sebuleni kwangu Saint Paul, mashimo 32, yote matupu. Maalim anaulizia kila Jumamosi. Mwenye gololi 64 anitafute, na hata vifungo vya makoti nitapokea.