Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Kuhusu Utovu wa Nidhamu wa Manjano

Mheshimiwa Waziri,

Sisi wazazi wa Busisi, wilaya ya Sengerema, twaona ni wajibu kuanza kwa shukrani, kwani tangu tarehe 19 Juni 2025, lilipozinduliwa daraja letu la kuvukia ziwa, la kilomita 3 lililogharimu zaidi ya shilingi bilioni 700, mtoto mchanga aliyeruhusiwa akiwa mzima, akageuka manjano nyumbani, hufikishwa hospitali ya Bugando, Mwanza, kulazwa upya pasipo kungoja kivuko pamoja na malori, rangi ikimzidi foleni ikisogea.

Kwa neema hiyo tumepata wasaa wa kutafakari kwa nini mtoto huyo anarudi hospitalini. Matabibu husema ini la mtoto mchanga halijakomaa, hivyo bilirubini, ile taka ya manjano itokayo katika chembe nyekundu za damu zinapovunjika, hufika kileleni aghalabu siku ya 3 hadi ya 5. Na mama aliyejifungua salama huruhusiwa zikitimia saa 24. Hatuilaumu kanuni, hasha! Mkosaji ni ini, lisilotambua saa za serikali. Twakuomba basi, kwa hisani yako, utoe waraka wa kuiamuru bilirubini ipande siku ya kwanza, mama angali kitandani na muuguzi angali karibu. (Tumeonywa kwamba manjano ya siku ya kwanza ndiyo ya hatari kupita yote, ila hilo bila shaka litaundiwa kamati.)

Kuna pia shauri la jua. Muuguzi asiye na kipimo, akibaki kukisia kwa kutazama macho na ufizi wa mtoto ambaye weusi wa ngozi yake huficha umanjano, humwambia mama akamwanike jua la asubuhi. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, muuguzi Sista Ward, aliyekuwa na desturi ya kuwatoa watoto uani, aligundua kuwa ngozi iliyopigwa jua hupoteza umanjano na iliyofunikwa hubaki nao; kufikia 1958 madaktari wa pale walikwisha kutangaza tiba ya taa. Wenzetu walitoka uani wakaingia kwenye taa, nasi, kwa maendeleo ya kipekee, twaelekezwa uani.

Hata aliyebahatika kuwekwa chini ya taa za buluu huweza kurudi, kwa kuwa taa ikizimwa bilirubini huweza kupanda tena, hasa kwa njiti na kwa yule ambaye damu yake huvunjika upesi, na matone machache ya damu kisiginoni siku ya pili yake yangalitosha kufichua jambo hilo. Bilirubini isipofichuliwa, ikapenya ubongoni, mtoto huweza kubaki kiziwi, viungo vimekakamaa, umri wake wote. Hapa, Mheshimiwa, mzaha umetuishia.

Iwapo ini litakaidi waraka wako, tutaridhika na kipimo cha bilirubini katika zahanati za upande wetu huu, na muuguzi mwenye idhini ya kumwita mama siku ya 3.

Wako watiifu,
Wazazi wa Busisi